Picha ya Ukoo na Maji ya Bamvua

Picha ya kwanza ya ukoo wetu ina watu 19, miavuli minne, na hakuna hata mmoja anayetazama kamera. Mama mdogo amepandisha gauni mpaka magotini. Mjomba anamvuta mtoto mkono. Bibi, ambaye jambo lote lilikuwa kwa ajili yake, haonekani kabisa, amezibwa na mwavuli wa shemeji. Nyuma yetu, pale nilipokuwa nimewaahidi watu mchanga mweupe, bahari imekuja mpaka kwenye mizizi ya minazi.

Ilikuwa Idd mosi, Aprili 2024, Kigombe, kijiji cha wavuvi katikati ya Tanga na Pangani. Mpangaji alikuwa mimi.

Wazo lenyewe lilitoka msibani. Mwaka uliotangulia alifariki mjomba wetu mkubwa, na baada ya arobaini mwanawe wa mwisho akaomba picha ya baba yake aitundike chumbani kwake. Tukatafuta. Simu zote za ukoo zilipekuliwa. Mjomba alikuwamo kwenye picha chungu nzima, lakini nusu: bega lake kwenye harusi ya mtu, kisogo chake kwenye maulidi, mkono wake umeshika sahani ya pilau. Picha pekee ya uso mzima ilikuwa ya kitambulisho. Tukaikuza, na kadiri ilivyokuzwa ndivyo uso ulivyozidi kuyeyuka, mpaka ukawa wa mtu yeyote. Mtu ameishi miaka 61, amelea watoto saba, na kijana wake amebaki na ukungu kwenye fremu.

Bibi alikuwa na miaka 84 wakati huo. Hakuna aliyelisema, lakini sote tulikuwa tunapiga hesabu ileile.

Sasa nisimulie makosa yangu, maana ni mengi na yana mafunzo kuliko mafanikio.

Kosa la kwanza ni kwamba nilipanga picha ninayoitaka mimi. Naishi Dar es Salaam, Mbagala, na nina simu iliyojaa picha za familia za watu wengine: wamevaa nyeupe tupu, wako pekupeku ufukweni, jua la jioni limewaka kwenye nywele zao. Nikasema, sisi bahari tunayo mlangoni, tunashindwa nini? Nikamtafuta kijana mpiga picha wa Tanga mjini, tukaelewana shilingi 250,000, nikamtumia nusu kwa simu iwe kianzio. Akaniuliza maswali matatu: watu wangapi, saa ngapi, na je, eneo umeliona? Nikamjibu kwamba eneo nalijua tangu nazaliwa. Jibu la kijinga. Mahali ulipozaliwa unapajua kwa kupapita, hujawahi kupatazama saa kumi na moja jioni ya tarehe fulani ukiwa na mzee wa miaka 84 na watoto wa miaka miwili.

Siku ya Idd mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Hilo nalo nililifungia macho. Aprili ni masika, na mwaka ule mvua za El Niño zilikuwa zimeshafurisha mito nchi nzima. Hata hivyo mvua haikutuharibia sana, maana mchana ilikatika, na kijana alipofika alifurahia mawingu. Alisema wingu ni kama pazia jepesi juu ya jua, nyuso zote zinapata mwanga sawa, hakuna wa kukunja jicho. Ninyi mnaoahirisha picha kwa sababu ya mawingu, acheni. Jua la saa saba mchana ndilo la kuahirishia. Linapiga utosini, macho yanageuka mashimo mawili meusi na pua inatupa kivuli mdomoni.

Kilichotuharibia ni bahari. Tulipoteremka ufukweni hapakuwa na ufuko. Mawimbi yalikuwa yanalamba minazi, ngalawa zimevutwa mpaka karibu na nyumba za watu. Bibi alikuwa ameshikwa kwapa na wajukuu wawili, anatembea kwa shida kwenye mchanga uliolowa, na mimi nazunguka natafuta pa kumsimamisha. Wimbi likaja, watu wakaruka, kijana akabonyeza kamera. Ndiyo ile picha.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amekaa kwenye gogo anatutazama, kwa huruma iliyochanganyika na raha. Nikamsalimia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuoga na nguo za sikukuu?”

Nikamweleza tatizo letu. Akauliza, “Mwezi umeandama lini?” Nikasema jana. “Basi. Mwezi ukiandama si bamvua hiyo? Idd mosi saa kumi na moja utapata wapi ufuko?”

Nilisoma jiografia shule, nikafaulu, na nilikuwa sijawahi kuunganisha mambo haya mawili. Bamvua, yale maji makubwa ya bahari, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huku kwetu maji yake yakijaa hupanda zaidi ya meta 3 juu ya pale yalipokupwa. Na yana saa zake. Siku za bamvua, mwambao huu hujaa alfajiri na tena alasiri, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na moja hivi, kisha kila siku inayofuata yanachelewa kwa kama dakika 50. Idd el Fitri haiji ila mwezi umeandama. Kwa hiyo kila Idd mosi, mwaka hadi mwaka, jioni ya sikukuu bahari imejaa. Watu wa Kigombe wanalijua hilo bila kulifikiria. Mimi wa Mbagala nikalilipia shilingi 125,000.

“Ukitaka ufuko jioni,” mzee akasema, “njoo Mfungo Tatu, tarehe kumi. Bamvua imeshapita, maji yanakupwa jioni, mtapiga picha mpaka mchoke.”

Mfungo Tatu tarehe kumi ni Idd el Haji. Mwaka huo iliangukia katikati ya Juni. Kaka yetu anayefanya kazi Muscat alikuwa anapata likizo ndefu zaidi wakati huohuo. Nikaona kheri.

Turudi Dar. Katika ile miezi miwili nilijifunza kupanga, na kwa sehemu kubwa nilijifunza kwa yule kijana, ambaye angeweza kunikasirikia lakini hakunikasirikia. Nilimpigia nikidhani naulizia bei, tukaishia kuzungumza saa nzima. Aliniuliza, “Dada, hii picha ya nani?” Nikasema ya ukoo. Akasema hapana, kila picha ya familia ina mwenyewe, mtu mmoja ambaye akikosekana basi hakuna picha. Nikasema Bibi. “Basi tupange ya Bibi. Wengine wote tutawachomeka.”

Swali lile likapangua kila kitu. Bibi anatembea hatua ngapi bila kupumzika? Hamsini. Ufukweni kutoka kwake ni zaidi ya mia mbili, na ni mchanga. Bibi ana nguvu saa ngapi? Baada ya kulala mchana na kuswali alasiri, akishakunywa chai. Magharibi ikiadhiniwa anataka awe juu ya msala wake, si njiani. Kwa hiyo picha iwe kati ya alasiri na magharibi, na iwe hatua zisizozidi hamsini kutoka mlangoni kwake. Ufuko ukafa hapohapo.

Nilisikitika kidogo, sitaficha. Halafu kijana akaniambia jambo lililonipunguzia majuto. Mama mdogo alikuwa ametuma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya familia imesimama ufukweni, jua jekundu linazama baharini nyuma yao, akaandika: “Iwe hivi.” Kijana akacheka. Akasema picha ile lazima imepigwa pwani inayotazama magharibi, kama Forodhani kule Unguja. Sisi huku Mrima, pwani ya bara, tunatazama mashariki. Jua letu linatoka baharini, halizami baharini. Jioni linazama nyuma ya mashamba ya mkonge. Ukisimama Kigombe jioni ukaiweka bahari mgongoni, jua linakupiga machoni, na watu 27 watatoka wamekunja nyuso kama wanaodaiwa. Ukitaka jua liwe nyuma ya watu, lichore nywele na mabega, basi utakachokipata nyuma yao ni minazi na mapaa ya nyumba. Ukiitaka bahari kwa vyovyote, usubiri jua lizame nyuma ya minazi, mwanga ubaki mlaini wa angani tu, na hapo una dakika chache. Kwetu jua linashuka wima, halina kuagaaga. Likishagusa minazi, hesabu.

Mama mdogo hakuridhika. Aliandika, “Wataalamu wa siku hizi.” Lakini alinyamaza.

Wiki moja kabla ya Idd niliomba ruhusa kazini, nikapanda basi la Tanga. Nilifika kwa Bibi alasiri, nikakaa uani tu, nikitazama. Bibi akaniuliza kama nimeachika. Nikamwambia natazama kivuli. Kuna mkungu mkubwa pembeni ya uwanja, na kila mtu alidhani tutakaa chini yake. Kumbe chini ya mti palepale pana matatizo: jua linapenya kwenye majani linawamwagia watu madoadoa, mmoja ana doa kwenye paji, mwingine sikioni, na hakuna mashine inayoyafuta hayo vizuri. Pazuri ni ukingoni mwa kivuli, pale mti unapokukinga jua lakini mbele yako pana anga wazi. Nilichora mstari ardhini kwa mguu saa kumi na moja kasoro robo. Kuku wakaufuta. Nikaweka matofali.

Niliona pia kwamba upepo wa kusi ulikuwa unavuma kutoka upande wa bahari, unapeperusha kila mtandio, na kwamba ukuta wa jiko unaukinga kama ukikaa upande wa kushoto. Tanki la maji la buluu lingeingia kwenye picha. Kamba ya nguo ingeingia. Tanki lilifunikwa mkeka. Kamba ya nguo nitaisimulia.

Kuhusu mavazi nitasema kifupi, maana bado kuna watu hawazungumzi. Dada zangu walitaka sare ya kitenge. Mimi naona sare ni ya harusi: kwenye picha ya watu wengi ua moja likirudiwa mara 27 huoni watu, unaona duka. Kisha kuna mafundi, na wiki ya Idd fundi cherehani anaahidi kama mgombea ubunge. Tukakubaliana rangi badala ya sare: maziwa, udongo, na buluu. Wanaume kanzu. Shangazi akasema sawa. Siku ya siku akashuka kwenye gari na binti zake wanne wote wamevaa kitenge kimoja cha rangi ya chungwa, mshono mmoja, mpaka mkoba. Aliyashona kwa siri. Kwenye picha wanaonekana kama maembe yaliyoiva peke yake mtini. Nilikasirika siku mbili. Sasa hivi nikiitazama, jicho linaanzia kwao, halafu linakwenda kwa Bibi, na sijui kama bila wao lingekwenda.

Jambo la kanzu ni la kiufundi, na wapiga picha wengi linawashinda. Kanzu nyeupe na baibui jeusi vikikaa bega kwa bega, kamera ikiachiwa iamue yenyewe inaweza kuihurumia kanzu na kuzizamisha nyuso. Nimeona picha nyingi za Idd ambazo kanzu zinang'aa kama barafu na wenye kanzu hawana macho. Kijana alinijia na kamera yake mpaka karibu na shavu, akapima mwanga pale, kwenye ngozi yangu, akasema kanzu itajijua yenyewe. Muulizeni mpiga picha wenu anapima wapi. Akianza kusema “nitarekebisha kwenye kompyuta”, tafuteni mwingine.

Mapatano safari hii tuliyaandika. Karatasi moja ya daftari: saa ya kufika, saa ya kumaliza, picha ngapi atazisafisha, ngapi kwa jumla atatukabidhi kwenye flashi, na lini. Na sharti la Bibi, kwamba sura yake isiwekwe mtandaoni. Kijana aliguna, maana kurasa zake ndizo tangazo lake, lakini akatia sahihi. Tangu Mei 2023 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi nchini, ingawa sikuitaja. Nilisema tu Bibi hataki, na huko kwetu hilo ni zito kuliko sheria.

Sasa lile lililokuwa gumu kuliko jua na bahari.

Marehemu babu alikuwa na wake wawili. Bibi mdogo yuko hai, anaishi upande wa Muheza na mwanawe. Je, aitwe? Na akija, akae wapi? Kwenye kundi kubwa la WhatsApp hakuna aliyeuliza. Likafunguliwa kundi dogo, bila watoto wa Bibi mdogo. Shangazi yuleyule wa machungwa akasema picha ni ya mama yetu, si ya mume wa mama yetu. Mjomba akasema tukimwacha tutajibu nini mbele ya Mungu. Kaka wa Muscat akatuma ujumbe wa sauti wa dakika tisa ambao mpaka leo sijaumaliza. Mtu akapendekeza zipigwe picha mbili, kila bibi na yake, zisionane. Wiki mbili tulikwenda hivyo. Nilikuwa nimepanga kila dakika na kila tofali, na nilikuwa sijapanga viti viwili.

Jioni ile niliyokuja kutazama kivuli, nikajipa moyo, nikamuuliza Bibi mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

“Mnanijadili kwenye masimu yenu tangu lini?”

“Wiki mbili, Bibi.”

“Na mie nipo hapa, mlango wazi.” Akapeta kidogo. “Mleteni. Tumemzika mume mmoja, tutashindwa kukaa benchi moja?”

Yakaisha. Ningemuuliza siku ya kwanza ningeokoa urafiki wa watu watatu. Ukipanga picha ya familia, mambo ya nani akae wapi usiyapeleke kwenye kundi. Mwendee mkubwa wa nyumba, mlango uko wazi.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri kiasi kwamba sina mengi ya kusimulia. Watoto walilishwa wali saa tisa, wakalazwa kwa nguvu, wakaamshwa na kuogeshwa saa kumi na nusu, na juisi ya ukwaju ilifungiwa kabatini mpaka kazi iishe. Nilikuwa nimeandika kwenye ubao wa boksi orodha ya makundi tisa. Lenye watu wengi na lenye Bibi likatangulia, kisha vitukuu wadogo, halafu wanaoweza kusubiri. Hesabu yangu ilikuwa dakika nne kila kundi, na karibu nusu ya hizo zinaliwa na kumtafuta mtu aliyekwenda chooni. Kwa hiyo mwitaji wa majina akawa yule Shangazi, mwenye sauti ya kuuza samaki mnadani, na tangu apewe kazi hiyo hasira zikamwisha. Dada zangu waliokuwa wamepakwa poda na wanja walikuwa wameshatia udhu kabla, wakawa wanaulinda kama yai.

Benchi tuliliazima madrasa. Lilikuwa na wino na majina ya watoto yamechorwa kwa misumari, halipendezi. Mtu, na mpaka leo hajajitokeza, akachomoa kanga kwenye kamba ya nguo akalifunika benchi lote, pindo likaning'inia mbele. Kijana akasema safi. Bibi akakaa. Bibi mdogo akakaa kulia kwake, wakapeana mikono, wakaulizana hali kwa kirefu kama wamekutana sokoni. Sisi 25 tukajipanga nyuma na chini.

Kijana akafanya walivyozoea wapiga picha wote. “Haya, tucheke kidogo! Bibi, tabasamu!”

Bibi akamtazama. “Kwani kuna nini?”

Akajaribu tena, akatuambia tutaje jina la tunda. Bibi akasema yeye hapigi picha na meno nje, picha si kichekesho. Nikamwona kijana anataka kubembeleza, nikamzuia. Kule ndani, juu ya kabati la Bibi, kuna picha ya mwaka 1974 aliyopiga na babu studio ya mjini Tanga. Nyuma yao pazia limechorwa ngazi na maua, babu ameshika baiskeli ambayo, kwa maelezo ya Bibi, ilikuwa mali ya studio. Hakuna anayecheka. Wamesimama kama watu wanaojua kwamba mkanda una picha 36 tu na kwamba moja ni yao. Walikuwa wamekwenda kuonekana. Siku hizi tunapiga picha elfu kwa wiki na tunacheka katika kila moja, na mjomba wetu akafa hana hata moja.

Nikawaambia watu wafunge midomo wamtazame kijana kama Bibi anavyomtazama. Tukatulia. Hata watoto walinyamaza, sijui walihisi nini. Kamera ikalia mara nane au tisa. Ndiyo iliyotundikwa.

Tulimaliza saa kumi na mbili na dakika tano. Bibi alifika kwenye msala kabla ya adhana. Vijana, waliobaki na hamu yao, walishuka ufukweni na kijana mpiga picha, na kweli maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mpana, ngalawa zimelala ubavu. Wakapiga zao za kurukaruka mpaka giza. Mama mdogo alikwenda nao. Ana picha moja ya jua likizama, ila liko juu ya mnazi na choo cha jirani.

Picha zilikuja kwa muda uliokubaliwa. Na hapa wengi ndipo wanapoachia: zikafika kwenye simu, zikapongezwa, zikazikwa chini ya ujumbe wa Ijumaa njema. Mimi nilisafishisha sita, kubwa moja ya ukutani na tano za saizi ya kati. Mwenye fremu mmoja wa Tanga mjini alinifunza jambo ambalo mtu wa pwani anapaswa kulijua: usiibane picha kwenye kioo. Unyevu wa bahari ukiingia, picha inanata kwenye kioo na siku ukitaka kuitoa unabandua nyuso. Aliweka ukingo wa kadibodi kuzunguka picha ili pabaki nafasi kati yake na kioo, na nyuma akafunga vizuri kuzuia wadudu. Nyuma ya kila picha niliandika majina yote kwa penseli, mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia. Nililifanya hilo kwa sababu nyumbani kwa Bibi kuna picha nyingine ya zamani yenye wanawake watano, na wawili kati yao hakuna tena anayejua ni nani, hata Bibi.

Niliipeleka ile kubwa mwenyewe, mwezi wa Agosti. Bibi mdogo alikuwa amekuja kumtazama mwenzake aliyekuwa na mafua. Tukaifungua mkekani. Bibi akavaa miwani, akaanza kukagua mtu mmoja mmoja, akasifu kanzu ya kaka, akauliza machungwa haya ni ya nani, akasema mbona mie mwembamba. Kitukuu wa darasa la pili, aliyekuwa anasoma kila kitu siku hizo, mabango, vifuko vya chumvi, kila kitu, akaweka kidole chini ya miguu ya mabibi wawili, pale pindo la kanga liliponing'inia mbele ya benchi. Herufi zilikuwa kubwa na zimetoka vizuri sana. Kijana alikuwa na lenzi nzuri.

“Ha-si-di,” akasoma. “Ha-na. Sa-ba-bu.”

Watu 27 tumeitazama picha ile kwenye simu miezi miwili, hakuna aliyesoma. Nikajaribu kusema kwamba kijana anaweza kuyafuta maneno kwa kompyuta, ni kazi ya dakika kumi.

“Kanga ya nani hii?” Bibi akauliza.

“Yako,” Bibi mdogo akasema. “Uliinunua ule mwaka nilioolewa.”

Bibi akaisogeza picha karibu na miwani, akatazama kwa muda mrefu.

“Haijapauka,” akasema. “Soma tena, mjukuu wangu.”